Kujifunza Elimu ya Ufini Ukiwa Hukohuko: Darasa, Msitu na Daftari Lako

Mwalimu akienda Ufini kwa muhula mmoja, ni rahisi arudi na picha za watoto kwenye theluji na habari kwamba kule hakuna mitihani. Picha hizo hazimsaidii mtu mwenye darasa la wanafunzi 80 Kahama au Kakamega. Kinachosaidia ni kujua somo la msituni limeundwaje: nani aliliruhusu, liliandaliwa lini, watoto wamevaa nini, mwalimu huwakusanya vipi wakitawanyika, na kitu gani hurudi nao darasani. Mwongozo huu ni wa mwanachuo wa ualimu au mwalimu aliye kazini anayekwenda huko kwa miezi mitatu hadi mwaka mmoja.

Soma kabla ya kuondoka, na uangalie tarehe ya unachosoma

Makala nyingi za mtandaoni kuhusu shule za Ufini zimechakaa. Mfumo wa ngazi tatu za msaada kwa wanafunzi wenye uhitaji, ambao husifiwa sana, ulianza 2011 na ulibadilishwa Agosti 2025. Mwezi huohuo sheria ya kubana matumizi ya simu shuleni ilianza kazi. Matokeo nayo yameshuka: katika PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, wa mwaka 2006 wanafunzi wa Ufini walipata wastani wa alama 548 katika hisabati, na 2022 wakapata 484. Walimu wa huko wanalizungumza jambo hilo waziwazi. Ukifika ukiwaambia kwamba wao ndio bora duniani, mazungumzo yataishia kwenye shukrani na kahawa. Ukiwauliza wanadhani nini kimepungua, utapata saa nzima ya elimu.

Shika vizuri muundo wenyewe. Mtoto wa miaka 6 husoma elimu ya awali, esiopetus, ambayo imekuwa ya lazima tangu 2015. Darasa la kwanza huanza mwaka anaotimiza miaka 7, katika peruskoulu, shule ya msingi ya miaka tisa inayowachukua watoto wote bila kuwachuja. Shule hiyo ya pamoja ilianza 1972 kaskazini, Lapland, ikashuka taratibu hadi kufika eneo la Helsinki 1977. Tangu 2021 elimu ni ya lazima hadi umri wa miaka 18. Mtihani mkubwa wa kitaifa ni mmoja, ylioppilastutkinto, mwishoni mwa sekondari ya juu. Lakini kusema hakuna mitihani ni kosa. Walimu hutunga majaribio yao wenyewe, na alama za namba huanzia 4, ambayo ni kushindwa, hadi 10. Kisichokuwepo ni mtihani wa nje unaomsubiri mtoto kila hatua.

Kisha fungua mtaala. Mtaala wa msingi wa kitaifa uliopitishwa 2014 na kuanza kutumika Agosti 2016 uko kwenye tovuti ya ePerusteet ya Opetushallitus, yaani mamlaka ya elimu ya taifa. Kila manispaa huuchukua na kutengeneza mtaala wake wa mahali. Usijaribu kusoma wote. Tafuta mambo mawili. La kwanza ni ympäristöoppi, somo la mazingira la darasa la 1 hadi la 6 linalounganisha baiolojia, jiografia, fizikia, kemia na afya. Ndani yake ndimo masomo mengi ya nje hukaa. La pili ni agizo kwamba kila mwanafunzi ashiriki angalau mradi mmoja kwa mwaka unaovuka mipaka ya masomo. Weka kando yake muhtasari wa somo lako la nyumbani na uweke alama ya penseli kila mahali malengo yanapofanana. Mwalimu wa Tanzania anayetumia mtaala ulioanza Januari 2024, au wa Kenya anayefundisha kwa mtaala wa umilisi, atashangaa alama zitakavyokuwa nyingi. Alama hizo ndizo utakazozifuata ukifika.

Njia ya kwenda na karatasi zake

Ikiwa chuo chako kina makubaliano ya kubadilishana wanachuo na chuo cha Ufini, pita hapo kabla ya kwingine, kwa sababu mwanachuo wa kubadilishana halipi ada kule. Uliza ofisi ya uhusiano wa kimataifa chuoni kwako, hasa kuhusu nafasi za Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanachuo, ambazo huchukua pia watu kutoka nchi zetu. Anayetaka shahada nzima kwa Kiingereza huomba kupitia Studyinfo, tovuti ya Ufini ya maombi ya vyuo, na dirisha kubwa hufunguliwa Januari. Kwa asiye raia wa Ulaya shahada hizo zina ada. Masomo ya uzamivu hayana.

Ukikaa zaidi ya siku 90 unahitaji kibali cha ukaazi cha mwanafunzi. Maombi hujazwa kwenye huduma ya Enter Finland na hushughulikiwa na Migri, idara ya uhamiaji. Tangu 2024 kiwango cha fedha za kujikimu ni euro 800 kwa mwezi, na kwa masomo yasiyofika miaka miwili bima inatakiwa kufikia gharama za matibabu za euro 120,000. Kinachokwamisha watu wengi ni taarifa ya benki: fedha zilizoingia juzi kwa mkupuo bila maelezo huzua maswali, kwa hiyo ambatisha barua ya mfadhili au maelezo ya chanzo chake. Hakiki mapema ni ubalozi gani unapokea alama za vidole za mkazi wa nchi yako, maana si kila ubalozi hufanya kazi hiyo, na safari ya nchi jirani ina nauli yake.

Chukua pia cheti cha tabia njema cha polisi kabla ya kuondoka. Shule zinazokupokea karibu na watoto zinaweza kukidai, na kukifuatilia ukiwa mbali ni mateso.

Uende lini, ukae wapi

Muda una uzito kuliko jina la chuo. Shule hufunguliwa karibu na katikati ya Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Juni. Julai ni nchi iliyofungwa. Barua pepe yako haitajibiwa. Katikati ya Oktoba kuna likizo ya vuli, na mwishoni mwa Februari au mapema Machi kuna wiki ya likizo ya michezo ya theluji, ambayo hutofautiana kwa mikoa. Helsinki mwishoni mwa Desemba hupata mwanga chini ya saa sita kwa siku, na mwezi wa Juni karibu saa kumi na tisa.

Kama ni muhula mmoja tu, chagua wa vuli. Agosti na Septemba ndiyo misimu ya mavuno: puolukka, matunda madogo mekundu ya porini, yameiva, uyoga umejaa, ardhi haijaganda, na walimu hutoka nje sana. Halafu utaiona Novemba, mwezi wa mvua, giza na matope bila theluji ya kuupamba. Novemba ndiyo inayokuonyesha kama somo la nje ni desturi ya shule au ni la siku nzuri tu. Anayekwenda Mei peke yake huona sherehe.

Mahali pa kukaa, tazama vyuo vyenye mafunzo ya ualimu na shule yake ya mazoezi. Wao huiita normaalikoulu, na inafanana na shule za mazoezi zilizo jirani na vyuo vyetu vya ualimu: watoto wa kawaida, walimu wenye ujuzi wa kulea wanachuo, na mazoea ya kupokea watazamaji. Jyväskylä ndipo seminari ya kwanza ya ualimu kwa Kifini ilipoanzishwa 1863 na Uno Cygnaeus, mtu aliyesimamia kazi za mikono ziingie shuleni kama sehemu ya elimu. Bado ni somo la lazima kwa wavulana na wasichana hadi darasa la 7, na utawaona watoto wakichonga mti kwa kisu chini ya uangalizi. Joensuu imezungukwa na misitu. Rovaniemi inafaa kwa anayetaka baridi kali na shule za vijijini. Helsinki ina faida ya kuwa karibu na Espoo, ambako Haltia, kituo cha elimu ya mazingira, kilifunguliwa 2013 kando ya hifadhi ya Nuuksio.

Usiishie kwenye shule za mazoezi. Zimezoea wageni mno. Panga pia kuona shule ya mtaani, kituo cha chekechea, na luontokoulu. Hii ya mwisho ni shule ya mazingira inayopokea madarasa kwa siku moja moja: mwalimu huleta watoto wake, na mtaalamu wa hapo huwaongoza. Shule hizi zina mtandao wao uitwao LYKE, na orodha yake hukuonyesha zilipo.

Barua ya kuomba kutazama

Iwe fupi. Mistari kumi inatosha: wewe ni nani, unasoma chuo gani, unataka kutazama darasa la ngapi, tarehe tatu unazopendekeza, jambo moja unalotaka kulielewa, na kitu unachoweza kuwapa. Hapo kwenye kuwapa usione haya. Kipindi cha dakika 45 cha kuhesabu kwa Kiswahili au cha jiografia ya Ziwa Viktoria ni zawadi ya kweli kwa mwalimu wa darasa la 4. Barua yetu ya heshima yenye utangulizi mrefu na salamu za uongozi wa chuo huwachanganya. Wanatafuta tarehe na hawaioni. Subiri wiki mbili kisha kumbusha mara moja. Fahamu kwamba baadhi ya manispaa hutoza ada kwa makundi ya wageni, hivyo jieleze wazi kama mwanachuo aliye mafunzoni.

Kutazama ili ujifunze na kukusanya data za utafiti ni mambo mawili. Ukitaka kuhoji watoto, kurekodi sauti au kutumia kazi zao kwenye tasnifu, unahitaji kibali cha utafiti, tutkimuslupa, kutoka manispaa, pamoja na ridhaa ya wazazi. Huchukua wiki kadhaa. Picha za watoto usipige kabisa bila mwalimu kukuambia ni nani anaruhusiwa. Piga mikono ikifanya kazi, vifaa, njia, mti. Picha hizo ndizo zitakazokusaidia ukirudi kuandaa somo.

Ukifika: vua viatu mlangoni kama watoto wamevua, kwa hiyo soksi ziwe nzima. Wanafunzi watamwita mwalimu kwa jina lake la kwanza, au "ope" tu. Si utovu wa adabu. Ni kawaida yao, nawe utaitwa hivyo.

Nguo: hapa ndipo wengi hukwama

Mgeni aliyeganda hatazami kitu. Anasubiri somo liishe. Kwa hiyo lipange suala hili kama unavyopanga zana za kufundishia.

Vaa tabaka tatu. La ndani liwe la sufu au kitambaa cha michezo, lisiwe la pamba, kwa sababu pamba hunyonya jasho, hukaa mbichi mwilini na kukugandisha ukisimama. La katikati ni sweta la sufu. La nje huzuia upepo na maji. Viatu viwe vikubwa kwa saizi moja ili soksi nene ikae na hewa ibaki. Kiatu kinachobana hupoza mguu hata kikiwa cha gharama. Glavu za vidole vyote pamoja huhifadhi joto kuliko za vidole vilivyotengana, ila huwezi kuandika nazo, basi vaa nyembamba ndani yake. Andika kwa penseli, maana wino hugoma kwenye baridi. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili; nje betri huisha ghafla ikionyesha asilimia 40.

Usinunue vyote dukani. Kirpputori ni mitumba yao, na nguo za baridi zenye hali nzuri zimejaa humo.

Kisha geuza jicho kwa watoto. Korido ya chekechea ina ndoano kwa kila mtoto, kabati la kukaushia nguo, na suruali za mpira ziitwazo kurahousut. Pima kwa saa: kundi la watoto wa miaka mitano linatumia dakika ngapi kuvaa? Mwalimu anafanya nini wakati huo? Mara nyingi kuvaa kwenyewe ni somo, watoto wakitaja nguo kwa mpangilio na kusaidiana zipu. Hesabu pia watu wazima. Katika chekechea sheria inataka mtu mzima mmoja mwenye sifa kwa watoto 7 wa miaka mitatu na kuendelea, na mmoja kwa watoto 4 walio chini ya hapo. Usipoiandika namba hii, ukirudi utawalaumu walimu wenzako kwa jambo ambalo ni la bajeti.

Namna ya kutazama

Gawa daftari kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika ulichoona, kila baada ya dakika tano: saa, mwalimu anafanya nini, watoto wanafanya nini, kifaa gani kinatumika, nani hana kazi. Kulia acha wazi. Ujaze jioni, kwa maswali na fikra zako. Ukichanganya pande hizi mbili, baada ya mwezi hutajua lipi uliliona na lipi ulilidhania.

Chagua watoto watatu bila kuwaambia: mmoja mwepesi, mmoja mkimya, mmoja asiyetulia. Wafuate wao tu. Jicho linalofuata watoto 22 halimwoni hata mmoja. Yule asiyetulia ndiye kipimo kizuri, kwa sababu mara nyingi nje hubadilika, na ukiona amebadilika andika ni dakika gani na alikuwa ameshika nini.

Hesabu vitu vinavyohesabika. Dakika toka mlangoni hadi kazi ya kwanza kuanza. Idadi ya maagizo aliyotoa mwalimu. Mara ngapi aliwakusanya. Somo zuri la nje huwa na maagizo machache, mafupi, na yametolewa ndani kabla ya kutoka. Mgeni husema "watoto wako huru" asijue kwamba uhuru huo ulifundishwa Agosti nzima: mipaka iko wapi, filimbi ikilia unakuja, mwenzako usimwache.

Darasa moja litazame angalau mara nne, na katika hizo mojawapo iwe siku ya mvua na nyingine iwe kipindi cha ndani kinachofuata somo la nje. Hiki cha mwisho watazamaji hukiruka, nacho ndicho muhimu kuliko vyote. Humo ndimo koni za msonobari zilizookotwa jana hugeuka jedwali, sentensi, au sehemu za kumi. Ikiwa hakuna kilichorudi darasani, yale yalikuwa matembezi, na matembezi yana faida yake, lakini usiyaite somo la hisabati.

Andika na mapumziko pia. Kwa utaratibu wao, katika kila dakika 60 angalau 45 ni za kufundisha, na zinazobaki ni välitunti, mapumziko ambayo kwa kawaida hutumika nje. Tazama nani anasimamia, na anasimama wapi.

Baada ya somo omba dakika 15 za mwalimu. Maswali yanayofungua mlango: somo hili liko wapi kwenye mpango wa mwaka? Lini uliahirisha kutoka, na kwa nini? Ungepata watoto 40 ungebadilisha nini? Swali la kwanza litakufikisha kwenye lukuvuosisuunnitelma, mpango wa mwaka wa shule, ambamo mafunzo ya nje ya eneo la shule huandikwa mapema. Ndiyo sababu mwalimu huondoka na darasa bila kukimbizana na barua asubuhi ile. Na mtoto akiumia shuleni au njiani kwenda shule, sheria inampa matibabu bure. Nyuma ya mwalimu anayeonekana jasiri kuna karatasi hizi mbili.

Somo moja, kipande kwa kipande

Kupima urefu wa mti ni somo linalofaa kulichambua, kwa kuwa utaweza kulifundisha popote. Darasa la 5 au la 6, vipindi viwili mfululizo.

Vifaa kwa kila kundi la watoto watatu: kamba ya mita 10 yenye fundo kila mita, fimbo iliyonyooka ya karibu mita moja, penseli, kipande cha kadibodi ngumu chenye karatasi. Ndani ya darasa, dakika tano: lengo, makundi, na jaribio moja la kushika fimbo.

Mtoto hunyoosha mkono mbele na kushika fimbo wima, kiasi kwamba sehemu iliyo juu ya ngumi ilingane na umbali kutoka jicho lake hadi ngumi. Njia rahisi ya kupima ni kuilaza fimbo kuelekea usoni: ncha iguse karibu na jicho. Anaisimamisha tena, kisha anarudi nyuma huku akitazama mti, mpaka ngumi ilingane na chini ya shina na ncha ya fimbo ilingane na kilele. Hapo anasimama. Umbali kutoka aliposimama hadi kwenye shina unakaribiana na urefu wa mti, kwa sababu pembetatu ndogo ya mkono na fimbo inafanana na ile kubwa ya ardhi na mti. Mwenzake hupima umbali kwa kamba. Wa tatu huandika. Wanabadilishana zamu, mti uleule upimwe mara tatu.

Makosa yanajirudia. Fimbo ikiinamia mbele, mti unarefuka au kufupika. Mkono ukikunjwa kidogo wakati wa kurudi nyuma, vipimo havina maana. Kwenye mteremko njia hii hudanganya, hivyo mwalimu huchagua miti iliyo tambarare siku moja kabla. Vipimo vitatu vikitofautiana kwa zaidi ya mita moja, kundi linarudia. Mwalimu mzuri hasemi jibu sahihi. Anauliza ni nani aliyeshika fimbo tofauti.

Kundi lililomaliza mapema hupima mzingo wa shina kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, kimo kilekile wanachotumia mabwana misitu, na kugawa kwa 3.14 wapate kipenyo. Darasani siku inayofuata takwimu zote huwekwa kwenye jedwali moja, wastani hupatikana, na watoto hueleza kwa maandishi kwa nini vipimo vilitofautiana. Hapo umepata hisabati, mazingira na lugha kwa kamba moja.

Msituni kuna sheria

Haki ya kila mtu, jokaisenoikeudet, inakuruhusu hata wewe mgeni kutembea kwenye misitu, kuchuma matunda ya porini na uyoga, bila kumuuliza mwenye ardhi. Haikuruhusu kukata mti, kuingia uani kwa watu, wala kuwasha moto bila idhini yake. Kwenye hifadhi moto huwashwa sehemu zilizotengwa tu, na tahadhari ya moto wa msitu ikitangazwa, moto wa wazi ni marufuku. Uyoga usiuonje kwa kuufananisha na wa kwenu, upo unaoua. Kyy ndiye nyoka pekee mwenye sumu nchini humo, ila hatari ya kila siku ni kupe, tangu theluji inapoyeyuka hadi vuli, kwa kuwa hueneza ugonjwa wa Lyme na ule wa uvimbe wa ubongo. Ingiza suruali ndani ya soksi na ujikague jioni. Juu ya ziwa lililoganda usikanyage bila mwenyeji. Namba ya dharura ni 112, na programu ya simu iitwayo 112 Suomi hutuma mahali ulipo, jambo la maana pale ambapo miti yote inafanana.

Kulijaribu nyumbani

Anza ukiwa bado kule. Wiki mbili kabla ya kurudi, andika andalio la somo moja tu kwa darasa lako halisi, kwa idadi yake halisi, na umpe mwalimu mwenyeji alikosoe. Atauliza maswali usiyoyatarajia.

Msitu si sharti. Mwembe wa shuleni, minazi, mikoko wakati wa maji kupwa, mfereji, hata uwanja mtupu wenye kivuli kinachosogea vinatosha. Ndani ya uzio wa shule ruhusa ya mwalimu mkuu kwa kawaida yatosha. Ukitoka nje ya uzio kuna barua, wazazi na ofisi ya elimu. Basi mwezi wa kwanza baki ndani.

Darasa la watoto 80 usilitoe lote. Nusu ibaki ndani na kazi ya maandishi pamoja na mwalimu mwenza, nusu itoke, kisha wabadilishane. Makundi yawe ya watano hadi sita, kila mmoja na jukumu lake: mshika fimbo, washika kamba wawili, mwandishi, mlinzi wa muda. Wa sita hukagua kama fimbo imesimama wima. Kamba za katani zafaa kuliko za nailoni, ambazo hurefuka zikivutwa na kuharibu kipimo. Toka kabla ya saa 4 asubuhi, jua halijawa kali, na uwe na maji. Eneo lipitie jana yake: siafu, nyuki, mashimo, miiba, vioo vilivyovunjika. Wiki nzima ya kwanza fundisha mipaka na filimbi peke yake, dakika kumi kila siku, bila somo lolote juu yake.

Kuna jambo moja letu ambalo mwongozo wa Kifini hautakuonya. Kwa watoto wengi wa shule zetu, kutoka nje na jembe au fyekeo kumekuwa adhabu. Elimu ya Kujitegemea, sera ya Tanzania ya 1967, ilitaka shamba la shule liwe darasa, lakini pengi likabaki kuwa kazi tu. Mtoto aliyechelewa akafyeka majani jana hatauona mwembe uleule leo kama mahali pa kufikiri. Kubaliana na walimu wenzako kwamba eneo mnalofundishia halitumiki kwa adhabu, na muwaambie wanafunzi hivyo kabla ya kipindi cha kwanza.

Wazazi watauliza kwa nini watoto wanacheza badala ya kusoma. Weka jedwali la vipimo na maelezo ya watoto ndani ya daftari la hisabati, lenye tarehe na alama, ili mzazi akilifungua akute kazi. Ukifundisha mara ya pili, jaza tena ule ukurasa wa kushoto kama ulivyofanya Ufini: dakika hadi kazi kuanza, idadi ya maagizo, nani hakuwa na kazi. Ikiwa mara ya kwanza ilichukua dakika 14 kuanza na mara ya nne imeshuka hadi 6, mtumie mwalimu mwenyeji ukurasa huo. Naye atakuwa anasubiri kujua lile swali la watoto 40 limejibiwaje.